Ndege Tuliyoingoja Milola

Niliwahi kuamini, tena kwa moyo wote, kwamba jumuiya ya nchi jirani ina ndege nyeupe inayozunguka kuwachukua raia waliofia ugenini na kuwarudisha kwao bure. Habari hiyo niliipata kwa kinyozi, Lindi mjini. Mimi, mhitimu wa masomo ya jioni, mwenye cheti kinachong'aa kuliko bati jipya, niliipokea kama tangazo la serikali.

Basi binamu yangu Damiani akafia hospitalini Msumbiji. Kaka zake walikuwa wameshafunga mabegi wamfuate, nikawazuia mlangoni.

"Mnataka kutuaibisha? Nchi zimeshikana mikono, nyie mnahangaika na mabasi!"

Nikaiandikia jumuiya barua yenye maneno mazito ya kuvunja meza. Kisha nikawapanga ndugu tufyeke uwanja wa mpira wa Milola ili ndege ipate pa kutua. Tulifyeka mpaka sisimizi wakakosa kivuli.

Shangazi Rozalia, mama wa marehemu, alishinda pembeni ya uwanja kila siku, kapakata kanga mpya ya kumfunika mwanawe.

"Msomi wetu, leo?"

"Leo au kesho, Shangazi."

Wiki ya tatu mtendaji wa kijiji alipiga simu hospitalini, kisha akaja uwanjani. Hakunivuta pembeni. Alisema Shangazi akisikia:

"Jumuiya haina ndege ya maiti, kaka. Maiti hufuatwa na ndugu zake. Hospitalini walimngojea mtu wa kwao Damiani wiki mbili, hakutokea, wakamzika marehemu pamoja na wasio na ndugu."