Kifaru Kimoja Cheupe, Hali Nzuri

Kazi yangu ni kufufua simu. Nina meza moja mbele ya nyumba yetu hapa Mubi, mashariki ya Kongo, chini ya bati, na wateja wangu wengi ni wachimbaji wa mgodi wa Omate wanaoleta simu zilizojaa matope hadi ndani ya spika. Mke wangu ana saluni yake upande wa pili wa mlango huohuo. Kwa hiyo anayekuja kusukwa husikia habari za simu, na anayeleta simu husikia habari za ndoa za watu.

Kifaru kilitufikia kupitia jirani yetu, mfanyabiashara kutoka Butembo, Mkatoliki wa misa ya kila siku, ambaye duka lake huuza vitu vyote kuanzia misumari hadi rozari. Katika mzigo wa vitu vya kuchezea kutoka ng'ambo alikuta sanduku lenye picha ya kifaru cha vita, cheupe, kikipita kwenye theluji. Alilifungua mbele yangu. Ndani kulikuwa na vipande vya plastiki ya kijivu, mamia, vimeshikamana kwenye vijiti kama samaki wadogo waliokaushwa. Akanuna.

"Ona vitu yenye wananitumia," alisema. "Yote iko imevunjika. Hata moja haiko nzima."

"Papa, haijavunjika. Bado haijajengwa."

"Muntu anauzaka kitu yenye haijajengwa?"

"Anauzia muntu mwenye anapenda kujenga."

Aliniangalia kwa huruma ileile anayowaangalia watu wanaokosa misa. "Basi kamata," akasema. "Mimi hapa sijaona muntu mwenye kutafuta taabu ya kuongeza."

Mke wangu hakufurahi. Mimi nilizaliwa Masisi, na niliondoka huko kwa miguu, godoro kichwani, kwa sababu ya vyombo vya namna hiyo. Yeye ni wa Buleusa, ambako vita vilifika pia, naye kukimbia hakufundishwa na mtu. Alilitazama sanduku muda mrefu, huku kitana kikiwa kimechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe.

"Watu wanakimbia hii kitu," alisema. "Wewe unaiingiza mu nyumba?"

"Iko ndogo."

"Hata nyoka inakuwaka ndogo."

"Haina muntu ndani."

Hilo lilimgusa. Alipekua vipande mpaka akampata askari wa plastiki, nusu mtu, aliyekusudiwa kusimama kwenye mlango wa juu akinyoosha kidole. Akamkata kutoka kwenye kijiti, akamtia katika mfuko wa aproni yake. "Sawa," akasema. "Jenga. Lakini huyu hataingia."

Sikuweza kumweleza vizuri kwa nini nilikitaka. Leo naweza kidogo. Kila kifaru nilichowahi kukiona maishani nilikiona nikiwa nimelala chini. Hiki nilikiona kutoka juu.

Ilikuwa majira ya mvua. Barabara ilikuwa imekatika, malori yalizama hadi ekseli, mnara wa mtandao ulikosa mafuta, na mtu asiye na mtandao hana haraka ya kutengeneza simu. Nikajenga. Nilitumia kibano kilekile cha kushikia vipande vya simu, wembe, na gundi ya vioo. Magurudumu peke yake yalinila siku mbili. Minyororo ilikuja kipande kimoja kimoja, kila kimoja kama ukucha wa mtoto mchanga, na kila nilipopiga chafya nilitambaa chini ya meza kutafuta ukucha.

Rangi ya kijani niliipata kwenye mabaki ya kopo lililopaka milango ya kanisa dogo. Niliilegeza kwa esansi ya pikipiki nikaipaka mara mbili. Kisha nikachanganya chokaa na maji, nikakipaka chote cheupe, nyeupe ya kung'aa, kama ilivyokuwa kwenye picha, au kama nilivyoamini ilivyokuwa.

Sasa hapa kwetu kuna mwalimu mstaafu ambaye zamani alipelekwa na kanisa kusoma Ulaya kwa muda wa baridi moja. Tangu arudi yeye ndiye mtaalamu wa theluji wa eneo lote la Walikale, ingawa hakuna aliyewahi kumhitaji. Alipoleta simu yake akakiona kifaru, alikaa chini bila kukaribishwa.

"Umepaka kama ukuta ya dispansere," alisema.

"Theluji haiko nyeupe, Mwalimu?"

"Iko nyeupe saa moja. Kisha watu wanapita. Inakuwa kama maji yenye wamefulia uniforme ya shule." Alisogeza miwani. "Na tena fikiri. Askari gani anapakaka gari yake vizuri? Amepewa ndoo na ufagio, baridi inamuuma. Atapaka mbele, pale shefu anaona. Nyuma atasema rangi iliisha."

Sijawahi kupewa somo la sanaa lililo bora kuliko hilo. Lakini nilikwama: nikikwangua chokaa, kijani nacho kilitoka, na plastiki ya kijivu ikachungulia. Nilikuwa na video niliyoipata kwa msafiri wa Goma, ya mtu anayepaka vifaru akizungumza lugha nisiyoijua. Kati ya kijani na nyeupe alipuliza kitu kutoka kwenye chupa ya bati. Niliirudia sehemu hiyo mpaka mke wangu akachoka kusikia ile sauti ya kupuliza. Akaja akaitazama simu juu ya bega langu.

"Ile iko lake," alisema.

"Lake gani?"

"Lake ya nywele, dawa ya kupulizia ili zisimame. Si unaona? Kama yangu ya mabibi arusi." Alikwenda saluni akarudi na chupa, akapuliza mwenyewe, kwa kiganja kilichotulia kama anayemhudumia mteja. "Maji inaifungua," akaeleza. "Ukinyeshewa na mvua siku ya ndoa, yote inashuka."

Na ndivyo ilivyokuwa. Nilisafisha chokaa ya kwanza, nikarudia kijani, akapuliza lake, nikapaka chokaa upya, kisha nikachukua mswaki wenye maji nikaanza kusugua polepole. Nyeupe ikaachia pale inapopaswa kuachia: kwenye pembe, kwenye ngazi ambapo askari wangekanyaga, kando ya mlango. Kijani kikatokea kama shati la zamani chini ya koti. Nyuma nilipaka kidogo tu, kwa heshima ya Mwalimu. Nilijaribu hata kutia theluji kwenye magurudumu kwa unga wa muhogo na gundi, lakini siku ya pili mende waliila na siku ya nne iliyobaki iliota ukungu wa kijani. Nikaiondoa, nikaweka matope ya Mubi, ambayo hayana adui.

Mke wangu alikizungusha kwenye kiganja chake. "Inaonekana imechoka," alisema, na nikajua nimefaulu.

Nilikiweka mezani. Hilo lilikuwa kosa, kwa sababu katika mkoa wetu magari ya vita meupe tunayajua, na si kwa ajili ya theluji. Kila aliyepita aliuliza kama ni cha wale walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Nikaeleza habari za baridi na za kujificha ndani ya weupe. Mchimbaji mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, akakigusa kwa kidole, kikabaki palepale.

"Aa-aa," alisema. "Iko yao. Haitembei."

Kutoka saluni habari ilikwenda sokoni, na kutoka sokoni ikafika kwenye kizuizi cha barabarani. Pale ilikuwa imekua: kuna mtu Mubi anaunda vifaru. Asubuhi moja pikipiki mbili zilisimama mbele ya meza yangu. Alishuka mkubwa wa biro moja, ofisi ya serikali ambayo sitaitaja, mtu mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, na watu wake wawili, mmoja akiwa amekumbatia rejesta.

"Kifaru iko wapi?" aliuliza, akitazama nyuma ya nyumba.

"Iko hapa mbele yako, Shefu."

Alitazama chini. Nakiri nilimwonea huruma. Alikuwa ametoka mbali, amejiandaa kukutana na chombo cha vita, na sasa alipaswa ama kucheka mbele ya watu wake, ama kuendelea. Akaendelea.

"Nani alikupa ruhusa?"

"Shefu, iko plastike."

"Sikuuliza iko nini. Wanajeshi wake wako wapi?"

"Haina hata mumoja. Mama alikataa."

"Kwa hiyo walitoroka," alimwambia mwenye rejesta. "Andika." Kisha akainama, akachungulia ndani ya mtutu kwa jicho moja. "Inapiga mpaka wapi?"

Mke wangu, aliyekuwa anamsuka mtu mlangoni, akajibu kabla yangu: "Inapiga mpaka kwa kichwa ya bwana yangu. Kwa kichwa ya mwingine haijafika."

Wateja walicheka. Shefu hakucheka, na kwa sababu hiyo kifaru kilikamatwa. Mwenye rejesta alisoma kwa sauti alichoandika: kifaru kimoja, rangi nyeupe, kanuni moja, hali nzuri. Urefu hakuandika. Walikifunga kwenye mfuko wa plastiki, na niliwaomba wakishike chini, si kwenye ule mtutu walioita kanuni. Nilisimama barabarani mpaka pikipiki zilipopotea. Nilikuwa nimewahi kupoteza nyumba na mbuzi wote, na sikuona aibu kusikia uchungu kwa kitu cha plastiki. Niliona aibu kwamba uchungu ule ulifanana sana na mwingine.

Miezi ikapita. Nilisikia kwamba kiko juu ya meza ya Shefu, juu ya kitambaa alichoshonewa na mkewe, na kwamba wageni hawaruhusiwi kukigusa. Kisha Shefu akahamishwa, na akaletwa mwingine: kijana mwembamba, mwenye miwani, anayesifiwa na watu wote kuwa ni mwaminifu. Alikuja kwangu peke yake, kwa miguu. Kiti kilichokuwa wazi kilikuwa cha saluni, akakaa hapo, chini ya picha za mitindo ya nywele.

"Ni wewe mwenye kifaru?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nilikuwaka nayo. Biro yenu iliichukua."

"Kwa rejesta iko: kifaru moja, nyeupe, hali nzuri. Mwenzangu alinipa karatasi ya makabidhiano, mimi nikasaini." Alivua miwani, akaifuta. "Nilisaini kabla ya kuona. Na yeye alikuwa tayari ameiweka mu valizi yake ya nguo, akaenda nayo."

"Basi andika kama ilikuwa ya kuchezea."

"Karatasi ilishapanda juu, Papa. Kule juu kifaru iko kifaru. Nikiandika imepotea, hawataniuliza ilikuwa na urefu gani. Wataniuliza niliiuzia nani."

Nilimtazama mke wangu. Alikuwa anakung'uta kitana, na nilijua anafikiri vilevile kama mimi: huyu kijana ataangamia kwa sababu ya kusema kweli, na kitu chenyewe kinachomponza ni kidogo kuliko kiatu.

"Mujengee ingine," alisema.

Sanduku jingine halikuwapo. Nikachukua kopo la sardini likawa kiwiliwili, kopo la nyanya likakatwa likawa kichwa, na soli za kandambili zikawa minyororo. Kwa kanuni nilitumia antena ya redio. Kijani, lake, chokaa, mswaki: nilifanya kila hatua kwa uangalifu uleule, kwa maana sikutaka uongo wa serikali uwe na rangi mbaya. Shefu kijana alikuja kila jioni baada ya kazi kuona maendeleo. Siku ya mwisho aligundua kwamba antena inaweza kuvutwa, akairefusha, akairudisha, akairefusha tena. Alikuwa anatabasamu. Kisha akakumbuka cheo chake, akaandika katika rejesta: kimefanyiwa matengenezo.

Mkaguzi alifika kutoka mjini. Aliuliza, "Vifaru?" Akajibiwa, "Kimoja." Akaweka alama, akala kuku, akaondoka kabla ya mvua. Hakuomba kukiona.

Tulidhani yameisha. Lakini barabara ilipofunguka, lori lilishusha mbele ya ile biro pipa la mazuti, dizeli ya malori, lenye karatasi yake: kwa mahitaji ya kifaru, robo ya kwanza ya mwaka. Shefu alikuja mbio, jasho likimtoka, karatasi mkononi.

"Nikiirudisha, wataniuliza kwa nini kifaru haifanyi kazi," alisema. "Nikiiweka, niko mwizi. Nifanye nini?"

Mke wangu ndiye aliyesema, bila kuinua macho kutoka kwenye kichwa alichokuwa anasuka, kwamba jenereta ya kituo cha afya imesimama tangu Pasaka, na kwamba wiki iliyopita mmoja wa wateja wake alizaa kwa mwanga wa simu niliyoitengeneza mimi.

Shefu aliilaza karatasi yake juu ya meza yangu. Kisha akaandika, palepale, kwa mwandiko mzuri, kwamba kifaru kimefanya doria na kimetumia mafuta yote. Pipa lilibingirishwa hadi kituo cha afya na watu wanne, mchana kweupe, na hakuna aliyeuliza.

Niliitwa kuangalia nyaya kabla ya kuwasha. Jenereta ilikohoa, ikashika, taa ya chumba cha kuzalishia ikawaka, na muuguzi, mama mwenye umri wa dada yangu, akaanza kupanga vyombo vyake bila kupoteza muda.

"Mazuti inatoka wapi?" aliniuliza.

"Iko ya kifaru, dada."

"Asante kwa wanajeshi," alisema, akanikabidhi balbu nyingine niifunge kwenye korido.