Shikamoo Isiyoitikiwa

Mama Modesti ni jirani yangu hapa Milola, ua kwa ua, na kama kuna mtu aliyechoka katika kijiji hiki ni yeye. Shamba halijamchosha. Mikorosho yake anaipulizia dawa mwenyewe, na jembe akilishika vijana wanaona haya. Kilichomchosha ni chama. Na chama kikikuchosha, ndugu yangu, hakuna dawa ya kuchua.

Jina lake la ubatizo ni Antonia. Baba yake alishuka kutoka uwanda wa Makonde kuja kukata mkonge, akakata mkonge wa watu mpaka mgongo ukapinda, akafa hana hata pa kupanda mhogo. Kwa hiyo kilipokuja Chama cha Wavuja Jasho, bendera yake ina jembe na maneno yake ni kwamba ardhi ni ya anayeilima na korosho ni ya aliyeiokota, Antonia hakuhitaji kushawishiwa. Alikuwa kama mtu anayesomewa barua ya baba yake. Walimfanya kiongozi wa akina mama wa tawi. Aliposimama na kupaza sauti, "Jembe juu!", sisi wote tuliitikia, "Mkulima ale!", na mimi nikiwemo, sisemi uongo.

Wapinzani wetu walikuwa chama cha wafanyabiashara. Alama yao mizani. Mtu wa mjini anaweza asielewe kwa nini mizani ituudhi, lakini mkulima wa korosho anaelewa. Gunia unalifunga nyumbani ukiwa na furaha, ukilifikisha kwenye mizani ya mnunuzi linakonda mbele ya macho yako.

Sasa mdogo wake Antonia, tumbo moja, Benadetha, aliolewa na Erasmo. Na Erasmo alikuwa mpimaji wa ghalani, mtu wa Mizani wa damu. Mpole, mcheshi, lakini Mizani. Mwaka ule wa uchaguzi mchungu, tawi letu likakaa kikao likaamua kuwasusa watu wa Mizani. Tusinunue dukani kwao, tusiende harusini kwao, tusiwazike, na wakituamkia tusiitikie.

Mambo ya kitoto, utasema. Ndiyo. Lakini tuliyafanya watu wazima, na tuliyafanya kwa bidii.

Kila asubuhi Benadetha alikuja bombani na ndoo yake, akapiga goti kidogo kama walivyofunzwa na mama yao, akasema, "Shikamoo, dada." Na Antonia aliangalia maji. Mimi nilikuwepo. Shikamoo ile ilibaki hewani, sote tukajifanya hatukuisikia. Kesho yake Benadetha alikuja tena akaamkia tena. Hakuchoka upesi, maana kwao mdogo kumpita mkubwa bila kumwamkia ni laana. Aliendelea hivyo mpaka Erasmo alipougua, akafa.

Siku ya mazishi Antonia alikaa uani kwake, mkono shavuni. Mahali pa msiba ni ng'ambo ya barabara, kilio kinasikika. Nilimwambia, "Mama Modesti, yule ni shemeji yako." Akanijibu, "Nikienda mimi, kesho akina mama wote wataniuliza kikao kilikuwa cha nini." Hakwenda. Tangu siku hiyo Benadetha alikuja bombani akateka maji yake kimya, na shikamoo haikusikika tena.

Miaka ikapita hivyo, mpaka uchaguzi huu wa juzi.

Matokeo yalipotoka, hakuna chama kilichopata wabunge wa kutosha kuunda serikali peke yake. Wakubwa wakajifungia wiki kadhaa huko waliko. Siku taarifa inatangazwa tulikuwa uwanja wa ghala la ushirika tukisubiri kupimiwa. Bakari, dereva wa bodaboda, alikuwa ameweka redio ya simu kwa sauti ya juu, juu ya gunia. Ndipo tukasikia kwamba Jembe na Mizani wameungana na wataunda serikali ya mseto.

Mzee mmoja akauliza, "Mseto wa choroko au wa nini?" Tukacheka, kicheko kibovu.

"Kilimo wamepewa nani?" mtu akauliza.

Bakari akainamia simu. "Mizani."

"Biashara?"

"Mizani."

"Na sisi Jembe tumepewa nini?"

"Utamaduni na michezo."

"Basi vizuri," akasema yule mzee. "Tutapimiwa korosho huku tunacheza ngoma."

Antonia hakucheka. Alikuwa ameketi juu ya gunia lake, amevaa kanga ya chama iliyopauka mpaka jembe limekuwa kama kijiko. Akasema polepole, kana kwamba anajisemea mwenyewe, "Wamekula meza moja." Kisha akainama akafunga vizuri mdomo wa gunia lake.

Wahenga walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Hawakusema vya kutosha. Sisi ndugu tuligombana, wakubwa wakalima. Leo wanatupatanisha, na kapu wamelishika wao.

Hazikupita siku nyingi, Optatus, mwenyekiti wa tawi letu, akaja kwa Antonia. Nilikuwa upande wa pili wa ua nachambua mchicha, na masikio sikuyafunga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwenyekiti. Karibu kigoda."

"Mama, Jumamosi tuna sherehe ya mseto uwanjani, mgeni rasmi anatoka mkoani. Tumeona wewe na mdogo wako Benadetha mpande jukwaani mkumbatiane. Mama wa Jembe na mama wa Mizani, tumbo moja! Watu watalia, nakwambia."

"Benadetha kakubali?"

"Wenzake wa Mizani wanaongea naye."

Antonia akauliza, "Optatus, kile kikao cha kuwasusa nani alikifungua?"

"Mama, yale yalikuwa mapambano. Si unajua, siasa haina adui wa kudumu."

"Najua. Ila Erasmo amekufa kwa kudumu."

Optatus akacheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha. Antonia akaendelea, sauti haipandi wala haishuki. "Mlinipangia kumnunia, nikanuna. Leo mnanipangia kumkumbatia. Kesho mkigombana huko juu nitapangiwa nini tena? Nenda, baba. Jukwaani sipandi."

Alipoondoka, nikasogea uani. Nilimkuta Antonia analia, machozi tu, bila sauti. Nilidhani ni hasira. Kumbe sivyo.

"Mama Imani," akaniambia, "mimi nilikuwa nakwenda kwa Benadetha. Nilishajipanga. Uchaguzi ukiisha na serikali ikijulikana tu, nilisema, tushinde tushindwe, naenda kumlilia shemeji yangu. Sasa wameniharibia. Ningekwenda mwezi uliopita ningekuwa dada yake. Nikienda leo atasema nimetumwa na mseto."

Hapo ndipo nilipouelewa uchovu wake. Hata toba yake chama kilikuwa kimeitia mkononi kabla yake. Nilikasirika kuliko yeye, wallahi, lakini hasira yangu ingemsaidia nini?

Jumamosi asubuhi spika zilianza kuunguruma uwanjani. Antonia akatoka ndani amevaa kanga nyeusi ya msiba, kichwani kitambaa, miguuni malapa. Akasema, "Nisindikize." Sikuuliza wapi.

Huku kwetu aliyekosa mazishi haingii uani akasema pole kama anayeomba chumvi. Huanza kulia tangu njiani, hata kama marehemu ana miaka kaburini, na mwenye msiba hutoka kumpokea. Asipotoka, mgeni hugeuza. Ndivyo ilivyo, na Antonia alijua. Tulipovuka barabara alifungua mdomo ili alie, kilio kikagoma. Akajaribu tena. Hamna. Akafika mwisho wa uzio amesimama tu mdomo wazi, mwanamke aliyewahi kupaza sauti ikasikika mpaka mtoni.

Benadetha alikuwa barazani anabangua korosho, vidole vyeusi kwa mafuta yake. Alitutazama. Hakuinuka.

"Wamekutuma?" akauliza.

"Hapana."

"Mbona leo? Mbona siku ya sherehe yao? Wenzangu wamekuja jana na juzi kuniambia nikukumbatie. Nimewafukuza."

Antonia hakujieleza. Nilitamani ajieleze, aseme alivyomkatalia Optatus, na nilitaka hata kumsemea. Akanishika mkono ninyamaze. Akakaa chini pale pale kwenye mchanga, miguu imenyooshwa kama wakaavyo wafiwa, akasema neno moja.

"Marahaba."

Benadetha akaacha kubangua. "Sijakuamkia."

"Uliniamkia, mdogo wangu. Pale bombani, kila asubuhi. Mimi ndiye sikuitika. Naitika leo."

Uwanjani mtu alikuwa anajaribu kipaza sauti, moja mbili, moja mbili. Benadetha alitazama korosho zake muda mrefu.

"Shikamoo ile niliitoa nikiwa na mume, dada," akasema.

"Najua."

"Alikuulizia. Siku ya mwisho aliuliza, shemeji hajaja?"

Hapo kilio cha Antonia kikatoka. Hakikuwa kile cha desturi chenye maneno yaliyopangwa. Kilikuwa kibaya, cha kukwaruza, na mimi nikageuka kutazama barabara kwa sababu sikustahili kukiona. Nyuma yangu nilisikia kigoda kikisogezwa, kisha nyayo. Nilipogeuka, Benadetha alikuwa amesimama mbele ya dada yake. Mikono haikufunguliwa kukumbatia. Mkononi ameshika jembe la mpini mfupi.

"Mvua imeotesha majani kaburini," akasema. "Mimi kiuno kinaniuma."

Antonia akalipokea, akajiinua kwa kuliegemea, akatangulia njia ya makaburini. Kule uwanjani walikuwa wamekwisha kuanza, "Jembe juu!", na watu wachache wakaitikia. Yeye hakugeuka.