Nani Alikwenda Kwenye Nyota Akaona?

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka kila ninapomwona kijana anaulizwa "umejuaje?" naye ananuna. Sogeza kigoda, nikusimulie.

Miaka ile ya Ujamaa tulikaa Kariakoo. Baba yangu, mtu wa Lindi, alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa la Mhindi mmoja, upande wa Mchafukoge. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikachaguliwa kwenda kidato cha tano, masomo ya sayansi, shule ya bweni huko bara. Sare zilikuwa tayari, imebaki ruhusa ya baba tu. Jioni hiyo, kwa maringo ya ujana, nikamwambia, "Baba, unajua chuma cha mkasi wako kilipikwa ndani ya nyota?"

Baba akasimamisha cherehani. "Nani alikwenda huko akaona?"

"Mwalimu kasema. Na kitabuni imo."

"Sikukuuliza nani kasema. Nakuuliza wamejuaje."

Nikapandwa na hasira. Nikamjibu kwamba wataalamu ndio wanaojua, mambo haya si ya washona suruali. Ulimi huo, mwanangu, sijui niliutoa wapi. Baba hakuinua sauti. Alisema mtoto anayekwenda mbali kukariri maneno ya watu, kisha akayatumia kudharau wazee, afadhali abaki nyumbani ajifunze kushona. Safari ikafia hapo. Nililia mpaka macho yakavimba.

Kesho yake nikawekwa barazani kupiga pindo. Akaja mteja na kitambaa alichokipata kwa foleni, anaapa ni pamba tupu. Baba akachomoa uzi mmoja, akauchoma kwa kiberiti. Uzi ukanywea, ukaacha kidonge kigumu cheusi. "Hii ina tetroni, nyuzi za plastiki," akasema. Mteja hakubisha, maana nani Kariakoo hakujua kuwa uzi wa pamba huungua kama karatasi ukabaki majivu?

Hapo nikapata pa kuanzia. "Baba, kiwandani ulikwenda?"

"Nikafanye nini? Si moto umeshaniambia?"

"Basi na wao ni hivyo hivyo," nikasema. Nikamkumbusha maji ya chumvi yanavyofurika jikoni, na moto wa buluu wa stovu ukageuka njano. Kila kitu kikiwaka kina rangi zake ambazo kingine hakina. Wataalamu huipitisha nuru ya nyota kwenye kioo kinachoitawanya kama upinde wa mvua, na humo huonekana mistari myembamba. Kila elementi ina mistari yake. Ile ya chuma waliipima hapa hapa duniani, kisha wakaikuta kule.

Nilidhani nimemaliza. Baba akakata uzi kwa meno, akafikiri. "Hapo wamejua kuwa chuma kimo humo. Kupikwa je? Mhindi wetu ana pamba tele dukani, na halimi."

Safari hii, nashukuru, sikukasirika. Nikasema, "Sijui, baba. Nitauliza."

Nikakatisha Mnazi Mmoja kwa miguu hadi kwa mwalimu wangu, karibu na Posta. Nilipomwamkia shikamoo na kumpa swali la baba, alicheka kwa furaha. Akanieleza kuwa katikati ya nyota kuna joto na mgandamizo mkubwa mno, hata viini vya hidrojeni huungana vikawa heliamu, na kuungana huko ndiko kunakoiwasha nyota. Katika nyota kubwa vyepesi huendelea kuungana kuwa vizito, mpaka chuma. Na ushahidi wa upishi? Ipo elementi iitwayo teknetiamu, ambayo haidumu. Hupungua yenyewe ikageuka kitu kingine. Lakini mistari yake imeonekana katika nyota zenye umri mrefu kuliko inavyoweza kudumu. Ingekuwa imo tangu nyota inazaliwa, ingeshakwisha zamani.

Nikarudi mbio. "Baba, ukikuta kitumbua cha moto kwenye sinia, utasema kimepikwa wapi?"

"Hapo hapo. Kingetoka mbali kingepoa."

Nikamweleza habari ya teknetiamu. Akautazama mkasi wake. Kisha akatabasamu.

"Nenda kasome," akasema. "Kazi ya Mungu haipungui kwa watu kulijua jiko lake. Mimi sikuziogopa nyota. Niliogopa wanakufundisha kumwamini kila aliyeshika chaki."

Nilishusha pumzi, nikacheka na kulia pamoja. Kumbe baba hakuwahi kuikataa elimu.

Basi, mwanangu, ukiulizwa umejuaje, usinune. Anayekuuliza hakutukani. Onyesha njia uliyopita, na usipojua sema hujui, kisha kaulize. Nawe ukiambiwa jambo kubwa, hata nikikwambia mimi, uliza vivyo hivyo, kwa adabu. Mungu akujaalie walimu wanaofurahia maswali, na nyumbani akupe mtu mmoja asiyekuachia mpaka uelewe.