Mwaka Mirihi Ilipokuwa Duara Tupu

Harufu ninayoikumbuka kwanza ni ya chuma kilichounguzwa na oili chafu. Ua wetu wa mtaa wa Buyenzi ulikuwa nusu nyumba, nusu gereji. Baba alichomelea mabomba ya moshi ya magari mchana kutwa, na Mama alipika nyuma ya kipande cha bati ili cheche zisiingie kwenye sufuria. Kilikuwa kiangazi, majani yanachomwa milimani, vumbi limelala juu ya kila kitu, hata juu ya maji ya kunywa ukisahau kuyafunika. Watu hupenda kusema utoto wao ulikuwa mtamu. Wangu ulikuwa mtamu pia, mpaka kiangazi hicho. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, kaka yangu Shabani alikuwa na kumi na saba, na ndani ya miezi michache tulimpoteza huku akiendelea kula nasi sahani moja.

Shabani alikuwa macho ya mtaa mzima, na sisemi hivyo kumpamba. Kwetu mwezi wa mfungo na mwezi wa Idi hutafutwa kwa macho, juu ya paa la msikiti, upande wa milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, na tangu akiwa mdogo yeye ndiye aliyekuwa akiuona kabla ya wengine. Wazee walimuuliza pembe za mwezi zimeelekea wapi, uko juu ya mlima gani, na wakiridhika, neno lake lilipelekwa kwenye kipaza sauti na watu wote wakalifuata. Siku hizo Mama alipita barabarani kifua mbele, akijifanya hana habari. Mimi nilijivuna waziwazi, sikuwa na haya.

Mwaka ule, kabla ya Ramadhani, Shabani akaanza kujikwaa jioni. Aligonga goti kwenye jeki iliyokuwa mahali pake pa siku zote, akamwaga chai iliyowekwa pembeni yake. Baba na Mama wakampeleka kwa daktari wa macho, naye akawaambia wao peke yao kwamba ugonjwa ule unakula macho kuanzia pembeni, kwamba giza la jioni ndilo linalotangulia, na dawa hakuna. Ila katikati, alisema, kijana ataendelea kuona vizuri kwa miaka mingi. Shabani aliambiwa amepungukiwa vitamini. Zikaanza karoti za kila siku, na Mama akaniita nyuma ya lile bati akaniambia kwa sauti ya chini, "Akisema haone kitu, na weye useme hauone. Mutoto asivunjike roho." Baba alisikia, akaendelea kuchomelea. Hakupenda uongo, lakini mambo ya watoto alikuwa amemwachia Mama tangu zamani.

Usiku wa kuamkia Idi, Shabani alipanda juu ya paa na wenzake. Vijana wadogo waliokuwa kando yake waliuona mwezi, naye akawa anauliza wapi, wapi, mpaka mzee mmoja akamshika bega. Alirudi nyumbani ananiuliza kama mimi niliuona. Nilikuwa nimeuona nikiwa barabarani, mwembamba, safi kabisa. Nikamwambia sikuuona, kwamba kulikuwa na ukungu wa ziwa, na Mama akaniunga mkono. Alitulia kidogo, akala. Siku chache baadaye binti wa jirani, bila kujua analofanya, akanisifu mbele yake kwamba mwaka huu mimi ndiye niliyewaonyesha wasichana wote mwezi. Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Shabani alinitazama, kisha akaenda kumsaidia Baba kukunja nyaya.

Darubini ilikuwa ndani ya nyumba tangu mwaka uliotangulia. Baba alipewa na mzungu mmoja wa mtaa wa Kibenga aliyekuwa akihama nchi, ambaye gari lake Baba alikuwa akilitengeneza. Tulikuwa tukiitumia kutazama mwezi tu. Lakini kiangazi hicho redio zilisema sayari ya Mirihi inakaribia dunia kuliko kawaida, na Shabani akapata kitabu chenye picha yake, mpira mwekundu wenye mabaka meusi na kofia nyeupe ya barafu. Akaweka kidole juu ya ile kofia, akamwambia Baba, "Nikiona hii nyeupe, basi macho yangu ni mazima. Nikiikosa, musinipe tena karoti." Baba alifurahi, kwa sababu daktari alikuwa amesema katikati anaona vizuri, na kwenye darubini kila kitu kiko katikati. Aliamini jambo hilo moja angalau litamfaa mwanawe. Akakata kishikizo cha bomba la moshi, akakichomelea vipande viwili vya bati na kukizungushia mpira wa ndani wa tairi, ili simu ikae imara juu ya kioo cha kuchungulia na tupige picha.

Mirihi ilipopanda juu ya milima ya mashariki, baada ya sala ya isha, ilikuwa nyekundu kama kaa la moto. Shabani alichungulia kwanza. Alikaa muda mrefu, akafuta jicho, akarudi. Akamwachia Baba nafasi. Baba alichungulia, akageuza kirungu cha kurekebisha picha huku na huku, akapuliza kioo, akaking'arisha kwa pamba. Mimi nilipoinama niliona duara la rangi ya chungwa, tupu, bila baka na bila nyeupe, linatetemeka kama kiini cha yai ndani ya bakuli. Tukapiga video, Baba akaisimamisha kila mahali ilipotulia akitafuta picha moja iliyo kali. Zote zilikuwa zilezile. Tulirudia jioni nyingine nyingi. Kingo za duara zilikuwa safi, na ndani yake hamna kitu.

Mwishoni Shabani alinipa simu yenye picha iliyo bora, akaniomba nimwambie ninachokiona. Nikamwambia naona duara tu, hakuna nyeupe. Akauliza, "Mama ndiye alikwambia useme vile?" Nikaapa kwa Mungu. Aliniwekea mkono kichwani. "Usiape, mudogo wangu. Utapata zambi kwa sababu yangu."

Baada ya hapo hakuna aliyemweza. Baba alimweleza yote ya daktari, waziwazi, pamoja na ile miaka mingi aliyobakiwa nayo, naye akaona ni karoti nyingine ya kumfariji. Aliacha shule, akaacha gereji. Alikaa chumbani akifunga macho kwa makusudi, ajizoeze kutembea kwa kupapasa, na miaka aliyokuwa bado anaona ikapita hivyo, gizani, mchana. Ninapoifikiria miaka hiyo huwa nasikia hasira, na sijui nimkasirikie nani, kwa maana Mama alimpenda kuliko sisi wote.

Siku hizi ninaishi Gihosha, juu kidogo ya vumbi la mjini, na ile darubini ninayo mimi. Mirihi ilipokaribia tena mwaka jana, niliipiga picha kwa kishikizo kilekile, na kofia ikaonekana, nyeupe kabisa. Nikaingia mtandaoni kutafuta sababu, nikasoma kwamba mwaka ule wetu dhoruba ya vumbi ilikuwa imeifunika sayari nzima kwa majuma mengi, na wenye darubini duniani kote walipiga picha ya duara tupu. Kesho yake asubuhi niliteremka Buyenzi. Mama tulishamzika, na Shabani sasa haoni hata taa. Nilimsomea yote, polepole, na nilipomaliza nikamsomea tena. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatafuta mkono wangu akaushika.

"Mama amekufa," alisema, "na weye ungali unamutii."