Visanduku Sita vya Karani Nashon

Nashon Oloo alizaliwa hatua mia kutoka ziwani, na katika Homa Bay nzima hakuna aliyemwonea samaki kinyaa kama yeye. Kumla, alimla. Kumshika, hapana. Siku moja gamba la ngege, samaki wa ziwa hilo, lilimrukia shavuni, akakaa siku tatu bila kumpa mtu mkono. Wako wanaoapa kwamba zilikuwa tisa.

Na bado kila Jumamosi ungemkuta kwenye kibanda cha samaki cha Teresa, leso imeziba pua. Kilichompeleka ni magazeti. Teresa hununua magazeti ya zamani kwa kilo, ya kufungia samaki wa kukaanga, na Nashon, karani mstaafu, alikuwa na ugonjwa wa chemshabongo: ule mraba wa visanduku unaojazwa maneno kwa vidokezo vya mafumbo. Miaka thelathini alijaza. Miaka thelathini hakumaliza hata mmoja.

"Wuon Marion," Teresa akamwambia siku hiyo, yaani baba Marion, akimwita kwa jina la binti wa kwanza wa Nashon, "unapekua magazeti yangu mpaka samaki wanapoa. Leo umalize huo mraba ulioushika kabla ya saa sita. Ukimaliza, kila furushi jipya utalifungua wewe kwanza. Ukishindwa, utapasua samaki wangu wote, halafu nisikuone hapa tena."

"Nipasue samaki, mimi?"

"Kwa mikono hiyo hiyo laini ya ofisini."

Angekataa, lakini wateja walikuwa wanacheka. Akaketi.

Wololo, mraba wenyewe! Aliyeutunga lazima alilelewa jalalani. Utando wa meno yasiyosuguliwa: ukoga. Uchafu wa jicho la asubuhi: tongo. Kila jibu lilimkwama kooni. "Mtu mzima anaketi na kalamu," akanung'unika, "anakusanya takataka za mwili wa binadamu, halafu analipwa!" Akayaandika kwa ncha ya kalamu, kana kwamba herufi zingemwambukiza.

Saa sita ikikaribia, likabaki neno moja. Huvaliwa bila kushonwa, huoshwa bila kutoka. Visanduku sita. Akajaribu ngozi, ikapungukiwa na kimoja. Akajaribu aibu, ikapungukiwa na viwili. Akajaribu umaskini, ukamwagika nje ya mraba.

"Saa sita, Karani," akasema Teresa, na kumpa kisu.

Ngege wa kwanza alimkodolea jicho. Nashon alipompasua, matumbo yakamtelezea mkononi, ya kijani, yenye ute, na kitu kama uzi kikajizungusha kwenye kidole cha pete ya ndoa. Akakimbilia nyuma ya kibanda akatapika.

"Chai ya maziwa," Teresa akawatangazia waliopanga foleni. "Wastaafu wanaishi vizuri."

Akarudi. Wa tatu akampasua nyongo. "Huyo utamla mwenyewe!" akasema Teresa. Wa kumi, wa ishirini. Nzi walimwamkia mmoja mmoja. Kama ungekuwa karibu ungedhani anapasua samaki wa ziwa lote, mpaka upande wa Tanzania.

Alipomaliza, akanawa kwa sabuni. Akanusa: iko. Ndimu: iko. Jivu: bado iko, na sasa imechanganyika na jivu. Akasugua kwa mchanga mpaka ngozi ikawaka, akanusa, akatamani kuukata mkono autupe. Akasimama ameinyoosha mikono mbali na mwili, kama ameiazima kwa mtu asiyemwamini.

"Naosha haitoki!" akalia. "Nimeivaa kama shati!"

Kuosha, kuvaa: kidokezo kikamrudia. Zamani, ofisini, alikuwako karani wa Mombasa aliyefungua madirisha yote kila wenzake walipokula samaki aina ya mbuta, akilalamika kwa neno moja tu.

"Shombo!" Nashon akapiga kelele. "Harufu ya samaki! Shombo!"

Wakati huo Teresa alikuwa amemlaza samaki moto juu ya ukurasa uleule, akimfungia Nyangau, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Migori.

"Usifunge!" Nashon akamnyakua samaki mkiani kwa mkono mtupu, akajaza visanduku huku mafuta yakiikimbiza kalamu. Mraba ukajaa. Kwenye kisanduku cha mwisho gamba lilikuwa limeganda.

Teresa hakusoma hata darasa moja, lakini akainama akahesabu. "Sita. Vimetosha. Ila saa ilipita, Karani."

Nashon akainamisha kichwa.

"Lakini umepasua wote, hata yule wa nyongo. Jumamosi uje. Utapasua kumi kwanza, ndipo ufungue furushi."

"Kumi!"

"Au ukasome vibao vya barabarani."

"Nitakuja," akasema Nashon, midomo imemkunjamana. "Sasa nipe ukurasa wangu."

"Ukurasa gani? Huyu mtu ana njaa." Teresa akamkunja samaki ndani ya ule mraba, na Nyangau akaenda nao Migori, akilamba vidole.

Nashon akabaki amesimama. Akanusa mkono, akakunja uso. Akanusa tena.