Hina ya Siku Tatu

Bi Masuda alipokwenda kumwonesha daktari vidole vyake, alianza kwa kuvificha. Alivipaka piko, ile hina nyeusi ti, kutoka kwenye kucha hadi kwenye vifundo, maana vifundo vilikuwa vimevimba kama tangawizi. Mchora hina aliyewapamba maharusi wa Deira, huku ughaibuni, miaka thelathini na nane hawezi kukatiza barabara ya Al Rigga na mikono kama ile. Kutibiwa atatibiwa, lakini aibu isitirike kwanza.

Mjukuu wake Reem alimsindikiza. Muuguzi alikuwa Emiliana, binti wa Bukoba, aliyemwamkia kwa adabu kisha akambana kidole kwa kile kibanio cha kupimia hewa kwenye damu. Kibanio kikagoma. Akajaribu cha pili, cha tatu.

"Bibi, mashine inasema hupumui."

"Iambie imefika kwa nani. Mie napumua tangu kabla ya Mapinduzi."

"Ni hili piko. Taa yake haipenyi."

Ikabidi abanwe sikio, akakaa pale kama nguo iliyoanikwa. Emiliana alipomvisha mkono kitambaa cha presha, bibi akakunja uso.

"Mwanangu, mie nimeleta vidole. Mkono mwautakia nini?"

"Kwani vidole vimekuja peke yao?"

Presha ilisoma mia na themanini kwa mia na mbili. Daktari akauliza dawa anazotumia. Bi Masuda akatoa mkobani mkebe wa hina usio na hina, umejaa vidonge vya maumivu: viwili asubuhi, viwili jioni, na siku ya harusi hesabu anaijua Mungu. Na pumzi? Humkatika akipanda ngazi, ndiyo maana kwa mwaka mzima amekuwa mtu wa lifti. Alidhani ni uzee tu.

Daktari akaeleza kwa Kiingereza, Emiliana akafasiri. "Anasema gegedu za vidole, ile mito laini ya kwenye viungo, zimelika. Na wenye vidole vinavyouma hivi, mara nyingi moyo na mishipa yao ya damu navyo hukutwa na shida. Si kwamba kidole kimeuroga moyo. Kwa nini vinafuatana, wataalamu wenyewe bado wanabishana. Lakini ukiona hiki, unakipima na kile. Na vidonge hivi, bibi, vinapandisha presha na kuuelemea moyo. Leo ndiyo khalas, mwisho."

Wakampima umeme wa moyo, hawakuona baya la haraka. Akaandikiwa dawa ya presha na ya kupaka vidoleni, akaambiwa arudi wiki ijayo, na atembee polepole kila siku.

Kuhusu moyo, Bi Masuda hakuuliza hata neno. "Mwambie Alhamisi huyu hapa ni biharusi, na hina namchora mie."

Huyu hapa, Reem, alikuwa amechorwa na mikono ile kila Idi tangu hajaota jino. Na bila vidonge, mikono ile ilikuwa haimalizi hata jani moja.

Walipofika nyumbani, Reem akanyoosha kiganja.

"Toa."

"Nitoe nini?"

"Kilichopo kifuani. Kinachakarika kila ukiinua mkono."

Bi Masuda alikuwa amebakisha karatasi moja ya vidonge, akaificha juu ya moyo wenyewe.

"Nikikupa, nani atakuchora?"

"Wewe."

"Kwa mikono ipi?"

"Hiyohiyo. Kidole kimoja kimoja. Leo Jumatatu."

"Biharusi huchorwa siku moja, Reem."

"Na huzikiwa bibi yake siku gani?"

Bi Masuda akaingiza mkono kifuani, akatoa.

Emiliana alikuwa amewafundisha: vidole viloweshwe maji ya uvuguvugu, koni ya hina izungushiwe sifongo inenepe, isimlazimishe kubana. Basi ikawa hivyo. Ua moja, mapumziko. Kidole kimoja kikisubiri kukauka, wanashuka hadi kwenye kona ya mtaa na kurudi, bibi kashika bega la mjukuu, mjukuu kainua mikono yake juu kama aliyekamatwa na polisi. Lifti waliiachia wengine wakati wa kushuka tu. Kupanda, Bi Masuda alisema yalla, twende na lifti, tusimkosee daktari kwa pupa.

Alhamisi, siku ya harusi, hina za Jumatatu zilikuwa zimeiva rangi ya kahawa. Za Jumatano zilikuwa bado na rangi ya chungwa.

"Nani kakuchora?" shangazi Ashwaq akamaka mbele ya wageni. "Kila kidole na rangi yake!"

Bi Masuda akavutia mikono chini ya mtandio. Piko lilikuwa limeanza kufifia, tangawizi zote nje. Reem akaufuata mkono mmoja hukohuko chini, akautoa, akauweka juu ya hariri mapajani mwake.

"Huyu."

Bibi akainama karibu. "Hicho kidole gumba nimekosea jani," akanong'ona.

"Nimeliona," akasema Reem, asiuachie mkono.