Aliyesimama Chini ya Kidevu

Ukisikia mtu mzima anaitwa kwa kiungo cha mwili, ujue kuna aliyemkosea. Katika mtaa mmoja kulikuwa na Masikio, kulikuwa na Tumbo, na karani mmoja wa posta aliyeitwa Shingo, na hakuna hata mmoja wao aliyeombwa ruhusa. Seremala wa hapo peke yake ndiye aliyepewa jina la namna hiyo kwa heshima. Aliitwa Mikono. Juu ya mlango wa karakana yake aliliandika mwenyewe kwa rangi nyekundu, herufi zikipanda na kushuka: MIKONO SALAMA, MILANGO NA MADIRISHA. Wateja wapya walidhani ni habari ya mbao. Wenyeji walijua ni habari ya mawe, na asiyejua, Mikono alimweleza, atake asitake, huku akimpimia fremu.

Mawe yenyewe yako nyuma ya tangi la maji, mji unapoishia. Ni majabali makubwa kama vyumba, mengine yameegemeana kama walevi wanaorudishana nyumbani. Zamani watu waliyatumia kuanikia nguo tu. Kisha Mikono na wenzake wachache, vijana wasio na kazi ya maana, wakaanza kuyakwea bila kamba, kwa vidole vya mikono na ncha za miguu. Mama mmoja aliyekuwa akianua mashuka aliwauliza kama wamepoteza mbuzi huko juu. Walipomjibu kwamba wanapanda ili washuke, alikusanya mashuka yake yote, hata yaliyokuwa mabichi, akaenda zake.

Siku hizi vijana wanakuja na viatu maalumu vinavyobana mpaka kucha zinalia, na magodoro ya kukunja ya kuangukia, yenye mikanda ya kubebea mgongoni. Wale wa mwanzo walikuwa na raba zilizokwisha soli. Walikuwa na chaki za kuokota madarasani, walizoziponda kwa chupa wapate unga wa kukausha jasho la viganja. Godoro lilikuwa moja, la sufi, na watoto wa dada yake Chura walikuwa wamelikojolea kwa miaka kadhaa kabla halijapandishwa cheo. Chura ni fundi wa friji. Aliitwa hivyo kwa sababu hakuwa na subira ya kukwea. Alikuwa anaruka, akishika ameshika, akikosa amekosa.

Kila mwaka wale wa zamani hukutana pale kukumbushana, na kila mwaka chumvi huongezeka. Mwaka huo Mikono alikuja na mkewe, binti yake, na mchumba wa binti, kijana mhasibu mwenye miwani aliyekuwa anaitikia "ndiyo, baba" hata pale ambapo hajaulizwa kitu. Mkunga naye alikuwepo. Huyu ndiye mwanamke wa kwanza kukwea majabali yale, na ndiye aliyeanguka siku ile Mikono alipopata jina lake. Ana mguu mmoja anaouburuta kidogo tangu nyonga yake ivunjike, lakini nusu ya vijana waliokuwa wanarukaruka pale siku hiyo walizaliwa mikononi mwake, na aliwakemea wote kwa haki hiyo.

"Mkunga!" Mikono aliita, akiwa amejinyoosha juu ya mkeka. "Hebu mletee maji aliyekuokoa."

Watu wakacheka, maana huo ulikuwa utani wa kila mwaka. Mkunga akajaza kikombe, akavuka uwanja akichechemea, akampa. Mikono akanywa, akasema ah.

"Simulia, Chura," akasema mtu. Chura hahitaji kuombwa mara mbili.

Akasimulia. Kwamba siku hiyo Mkunga alikuwa kwenye Kidevu, jabali linalotokeza mbele kama kidevu cha mtu mkaidi, ambalo unalianza ukiwa umejikunja chini yake na kulimaliza ukiwa unaning'inia, mgongo umeelekea ardhini. Kwamba wengine wote walikuwa upande wa pili wakigombania kipande cha muwa. Kwamba walisikia ukelele, wakazunguka mbio, wakamkuta Mkunga amelala chini na Mikono amepiga magoti, kichwa cha Mkunga kimo ndani ya viganja vyake, kando ya jiwe lenye ncha. "Kichwa hakikugusa chini!" Chura alipaza sauti. "Nyonga ilivunjika, sawa, lakini kichwa alikidaka kama papai! Wahenga walisema aliye juu mngoje chini. Huyu alimngoja kweli!"

Makofi yakapigwa. Mikono akainamisha macho kwa unyenyekevu, unyenyekevu ambao alikuwa ameufanyia mazoezi.

Baadaye binti yake akataka kujaribu Kidevu. Mikono akafurahi mno, akamsimamisha mkwe mahali palepale alipokuwa amesimama yeye enzi zile. Akamkunjua mabega, akamwinua kidevu. "Simama chini yake kabisa. Mtazame usoni. Mikono wazi. Usiogope. Mdakaji akiogopa, mtu anakufa."

"Ndiyo, baba."

Binti akapanda vizuri hadi kwenye ukingo. Akatupa mkono juu, vidole vikateleza. Alishuka na kisigino mbele. Kisigino kikampata mchumba wake kwenye shavu, miwani ikaruka, na wote wawili wakaanguka kwenye ukingo wa godoro, nusu ndani nusu nje. Kisha binti akaanza kucheka, na mkwe akainuka akitafuta miwani kwa kupapasa, damu ikimtoka mdomoni, akitabasamu kama aliyepewa mke papo hapo.

"Amedaka!" alipiga kelele Chura. "Ukoo wa wadakaji!"

"Nyamazeni!" Mkunga alisema. "Msipige makofi."

Alikuwa ameshafika chini ya jabali, na hakuna aliyemwona akivuka uwanja. Alimshika mkwe taya, akaitazama midomo, akamgeuza shingo huku na huku.

"Kingekuwa kidole kimoja chini zaidi, kisigino kingeingia kooni," alisema. "Nani amekufundisha kusimama hapa?"

"Baba," alijibu mkwe.

"Mimi," alisema Mikono, akija taratibu. "Na alivyosimama ndivyo. Ndivyo nilivyosimama mimi, na wewe ndiye shahidi. Uko hai."

Mkewe Mikono aliweka chini sahani aliyokuwa ameishika.

"Ningekufa nalo," alisema Mkunga. "Wallahi ningezikwa nalo. Lakini sasa unawafundisha watu."

"Unazikwa na nini?"

"Hukunidaka, kaka."

Mikono akacheka, akawageukia wenzake wacheke naye. Hakuna aliyecheka.

"Nilipoteleza nilikutazama," Mkunga aliendelea, sasa kwa sauti ya chini, ile anayotumia wodini. "Ulikuwa chini yangu kabisa, uso juu, mikono wazi, kama huyu. Nilikuwa nakuja na goti. Nikaona goti langu na shingo yako. Nikapiga teke ukuta wa jabali, nikajigeuza, nikatua pembeni, nje ya godoro. Kwenye lile jiwe. Nyonga ilivunjika hapo. Wewe ulishika mkono wa blauzi yangu, ukabaki nao."

"Kichwa," alisema Mikono. "Kichwa nilikuwa nacho. Nakumbuka uzito wake."

"Ulikiinua. Nilikuwa nimeshafika chini, nikakusikia unapiga magoti, ukakiinua. Ndipo akina Chura wakatokea na mimi nikazimia. Mtu hadakwi, Mikono. Unasimama nyuma, unamsukuma aende godoroni. Basi."

Mikono alibaki mdomo wazi. Si kwamba hakuamini. Lililomshtua zaidi ni kwamba aliamini mara moja, kama mtu aliyeambiwa kwamba mlango wa nyumba yake haukufungwa, naye akajua palepale kuwa hakuufunga. Aliuona mkono wa blauzi ya maua ndani ya ngumi yake. Alikuwa ameusahau kabisa. Watu wote walikuwa wanamtazama mikono, naye hakujua aiweke wapi. Aliitia mfukoni, akaitoa, akaitia tena.

Hebu fikiria. Kabla ya siku ile alikuwa nani? Kijana aliyefukuzwa kiwanda cha mbao kwa kuchelewa, asiyetakiwa na baba yake, anayelala sakafuni kwa Chura. Baada ya siku ile watu walimsalimia barabarani. Seremala mzee alimpa kazi kwa sababu ya sifa ile, akamfundisha, akamwachia karakana. Mke alimpata hospitalini, alipokuwa anakwenda kumtazama Mkunga. Mwanamke huyo alikuwa anafua mashuka pale, na manesi walimwonyesha kwa kidole wakisema shujaa ndiye yule. Bango, karakana, mke, binti, sasa mkwe. Vyote vilitundikwa kwenye msumari mmoja, na msumari haukuwepo.

Na maji! Kila mwaka amemtuma mwanamke huyu maji, avuke uwanja kwa nyonga aliyoivunja kwa ajili ya shingo yake.

"Miaka yote mmenivisha kilemba cha ukoka," alisema.

"Sisi hatukujua!" alisema Chura, mikono kichwani. "Mungu wangu, mimi nimeisimulia hii hata msibani!"

"Kwa nini uliniacha?" Mikono alimuuliza Mkunga. "Kwa nini hukusema hata siku moja?"

Mkunga alifikiri kidogo. Ni mwanamke asiyependa kusema maneno ya kupamba.

"Nilipozinduka wodini nilikukuta umekaa sakafuni. Manesi wanakuita shujaa, na wewe umenyoosha mgongo. Sikuwahi kukuona umenyoosha mgongo. Mimi nilikuwa na nyonga mbovu, lakini nilikuwa na masomo yangu, nilikuwa na mama, nilikuwa na kwetu. Wewe hukuwa na kitu kingine. Nikasema, acha achukue hilo."

Binti alianza kulia bila sauti. Mkwe, aliyekuwa amepata miwani yake, aliivaa, kisha akaivua tena, labda kwa adabu.

Mikono akamgeukia mkewe. Alitazamia kukuta uso uliopigwa na butwaa kama nyuso nyingine zote. Mkewe alikuwa anamtazama kwa utulivu, kama anayesubiri maji yachemke.

"Ulijua," alisema Mikono. Akakaa chini palepale kwenye kokoto.

"Mkunga aliniambia kabla sijakukubali. Alikuja mpaka kwenye chumba cha kufulia na magongo yake, akasimama katikati ya mvuke. Akaniambia, kama unaolewa na shujaa, usiolewe, shujaa hayupo."

"Na ukanikubali?"

"Mimi shujaa sikumwona. Wao ndio walimwona." Mkewe alikuja akachuchumaa mbele yake, akashusha sauti ingawa kila mtu alikuwa anasikia. "Mimi nilimwona mwanaume amekaa sakafuni analia, kila anayepita anamuuliza: atatembea? Inamuuma sana? Hata mimi uliniuliza, na nilikuwa nimebeba mashuka tu, nitajua nini? Yule ndiye nilimtaka. Kisha wakakuita Mikono, ukaacha kuuliza. Huyo Mikono, baba watoto, nimemvumilia tu."

Huko nyuma mtoto wa mtu alikuwa anaomba muwa, akanyamazishwa. Mikono alikaa kwenye kokoto kwa kitambo, suruali ya sikukuu ikiingia vumbi, akijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alimuuliza Mkunga jambo lolote kuhusu mguu ule. Alitafuta mwaka mmoja baada ya mwingine. Alikumbuka utani. Alikumbuka alivyojisifu kwake kwamba amemtengenezea kitanda cha kujifungulia cha kliniki yake, na alivyosema mbele ya watu kwamba hiyo ni mara ya pili kumsaidia. Swali halikuwepo.

Akainuka kwa shida. Akaenda hadi kwa Mkunga, akasimama mbele yake, karibu, macho yakiwa yamejaa.

"Inauma?" aliuliza.

Mkunga, aliyekuwa amesimama imara muda wote huo, alimtazama kama mtu aliyeguswa begani gizani. Akatafuta pa kushika, akashika ukuta wa jabali.

"Inauma," alisema. "Kila siku."